Mambo ya Nyumbani: Injini Ilayo Oili



Katika mambo yanayokula mali ya mtu kidogo kidogo pasipo mwenyewe kujua, moja ni injini ya motokaa ichomayo oili. Gharama ya petroli twaijua sote, kwani twaisimamia kwenye pampu na kuilipa kwa mkono wetu. Oili haina pampu ya kutukumbusha. Hutiwa siku ya sevisi, boneti hufungwa, na mtu huondoka akiamini kwamba alichokitia kimo humo hata siku ya sevisi nyingine. Kwa injini nyingi imani hiyo ni sawa. Walakini kuna injini ambazo, baina ya sevisi mbili, hupoteza nusu ya oili yake na zaidi, na chini ya gari usione hata tone moja. Oili hiyo haikuvuja wala haikuibwa, imeungua.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tatu. Kwanza, ziko nyumba nyingi ambazo riziki yao yategemea motokaa moja: teksi, au gari la kubeba watoto wa shule, au lile lipelekalo bidhaa dukani. Injini ikifa, nyumba nzima huingia katika dhiki. Pili, jambo hili huzua dhana mbaya baina ya mwenye motokaa na dereva wake. Tatu, ndani yake mna mlango mpana wa udanganyifu katika kuuza na kununua.

Oili huunguaje

Ndani ya injini kuna silinda, na katika kila silinda imo pistoni iendayo juu na chini mara elfu na zaidi kwa dakika moja. Pistoni haikwaruzi ukuta wa silinda kwa mwili wake wote. Imevishwa pete za chuma ziitwazo ringi. Pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, ili itanuke na kuubana ukuta wa silinda, ilibuniwa na Mwingereza John Ramsbottom katika miaka ya 1850, zama za injini za mvuke, na kanuni yake ni ile ile hata leo. Katika motokaa nyingi kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia nguvu ya moto isishuke chini. Ya tatu ni ringi ya oili: pistoni inaposhuka, ringi hii huifuta oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu kwa kupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa nyuma yake. Haiifuti yote, bali huacha utando mwembamba wa kulainisha chuma kisisagane na chuma.

Utando huo huungua kidogo kila siku, na ndiyo sababu hakuna injini isiyokula oili kabisa. Iliyo nzima hula kidogo hata mwenyewe asitambue. Shida huanza pale vile vitundu vinapozibwa na masizi ya oili iliyoungua. Ringi hukwama katika mfuo wake, haitanuki, wala haifuti. Oili hubaki ukutani kwa wingi, hupanda kwenye moto, huungua, na kwa kuungua huacha masizi mengine ya kuziba vitundu vilivyosalia. Kwa hivyo maradhi haya hujizidisha yenyewe, na aliyeyaona mapema hawi sawa na aliyeyaona yamekwisha komaa.

Ziko njia nyingine ambazo oili huingia motoni. Mashina ya valvu yamevikwa mipira midogo ya kuzuia oili isiteremke ndani ya silinda; mipira hiyo ikikauka kwa joto na miaka, oili hupenya. Iko pia valvu ndogo inayoruhusu injini kutoa pumzi zake za ndani. Hiyo ikikwama, oili hufyonzwa pamoja na hewa. Na kwa injini zenye turbo, turbo ikichakaa oili hupita humo. Twazitaja hizi kwa sababu baadhi yake dawa yake ni rahisi, na fundi asiyezitazama huenda akakufungulia injini nzima bila ya haja.

Si injini kongwe tu

Watu wengi hudhani kwamba injini ilayo oili ni ile iliyochoka au iliyodhulumiwa na mwenyewe. Aghalabu ni kweli, lakini si daima. Watengenezaji, katika kutafuta injini itumiayo petroli kidogo, wamezifanya ringi zibane kwa nguvu ndogo kuliko zamani, na kuagiza oili nyepesi zaidi. Faida ya jambo hilo ipo. Lakini penye kosa dogo katika umbo la pistoni au ringi, nafasi ya kusamehe kosa ni ndogo.

Mfano tunaoujua vyema katika mwambao wetu ni injini ya Toyota iitwayo 2AZ-FE, ya lita 2.4. Injini hii imo katika RAV4, Harrier, Ipsum, Alphard na Camry, magari yaliyojaa katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Huko Marekani malalamiko juu ya baadhi ya injini hizo, zikiwamo za Camry za mwaka 2007 hadi 2009, yalikuwa mengi hata kampuni ikatoa waraka kwa mafundi wake mwaka 2011. Waraka huo uliwaamuru wapime oili inayoliwa. Na injini ikionekana inakula robo galoni ya Kimarekani, yaani karibu lita moja, kabla ya kwenda maili 1,200, ambazo ni kilomita 1,900 na kitu, ifunguliwe na kutiwa pistoni na ringi za umbo jipya. Baadaye dhamana ya kasoro hiyo ilirefushwa huko kufikia miaka 10 au maili 150,000. Muda huo umekwisha pita, na mpango wenyewe ulikuwa wa Marekani. Aliyenunua RAV4 ya mtumba iliyoteremshwa bandarini kutoka Japani hana dhamana hiyo; dhamana yake ni macho yake.

Wala Toyota si peke yake. Mwaka 2015 gazeti la Marekani Consumer Reports, liwatumikialo wanunuzi, lilichapisha uchunguzi wa magari karibu laki tano ya wasomaji wake. Lilikuta kwamba magari mengi hayakuhitaji kuongezwa oili baina ya sevisi mbili, lakini baadhi ya injini za Audi, BMW na Subaru zilihitaji mara kwa mara. Jibu la watengenezaji lilikuwa kwamba kula oili ni jambo la kawaida, na kwamba katika baadhi ya magari robo galoni kwa maili 600 au 700 si kasoro. Msomaji atazame mwenyewe: karibu lita moja kwa kila kilomita 1,000 hivi, nayo yaitwa kawaida! Mwaka 2016 mashtaka ya wenye Subaru huko Marekani, zikiwamo Forester za mwaka 2011 hadi 2014, yaliishia kwa suluhu, na kampuni ikarefusha dhamana ya jambo hilo.

Hatutaji haya ili kumtia mtu chuki na motokaa yake. Magari haya yamewahudumia wengi kwa uaminifu. Twayataja ili ajuaye kwamba injini yake ni ya jamii hiyo aipime, wala asingoje.

Taa nyekundu si mlinzi

Hapa ndipo watu wengi wanapoangamiza injini zao. Kwenye dashibodi iko taa nyekundu yenye picha ya birika la oili, nao hudhani kwamba oili ikipungua taa itawaka. Sivyo. Katika motokaa nyingi taa ile yatangaza kwamba presha ya oili imeshuka, wala haipimi kiasi kilichomo. Maadam pampu yapata cha kuvuta, presha yaweza kuwapo hali oili imebaki theluthi. Taa inapoanza kumetameta katika kona au mteremko, maana yake ni kwamba pampu imeanza kuvuta hewa, na chuma kimekwisha anza kusagana na chuma. Kwa hiyo taa ile ikiwaka, zima injini pale pale ulipo, pembeni mwa njia. Usiseme, "Nifike nyumbani kwanza." Huenda ukafika, lakini injini isifike.

Basi na tufanye hesabu. Tuchukue injini yenye oili lita 4.3, kama hiyo 2AZ-FE, na tuseme inakula nusu lita kwa kila kilomita 1,000. Ikifika kilomita 3,000 imekula lita 1.5, zimebaki 2.8. Ikifika kilomita 5,000 imekula lita 2.5, zimebaki 1.8 tu. Oili hiyo chache ndiyo inayofanya kazi ya oili yote: huzunguka upesi zaidi, hupata moto zaidi, na huchafuka mapema. Kisha siku ya sevisi fundi humwaga iliyobaki na kutia mpya, kijiti kikaonyesha imejaa, na mwenye motokaa akafurahi. Kila sevisi hulifunika kosa, na kosa huanza upya.

Madhara yake hayaishii kwenye kusagika kwa bearingi na cheni ya injini. Oili iunguayo huzichafua plagi, injini ikawa yatetemeka na kukosa nguvu. Kadhalika fosforasi iliyomo katika oili huharibu kile kisafisha moshi kilichomo katika bomba la ekzosi, nacho bei yake ni kubwa.

Daftari ndiyo shahidi

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hatujui mahali methali hii inapofaa kuliko hapa.

Namna ya kupima ni hii. Simamisha motokaa mahali palipo sawa. Zima injini, ngoja dakika tano hata kumi ili oili iteremke kwenye sampu. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena na kukisoma. Oili yapasa kuwa baina ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo ukipima, wala usipitishe alama ya juu, kwani oili ikizidi nayo yadhuru. Andika katika daftari: tarehe, kilomita zilizosomeka, na kiasi ulichoongeza. Fanya hivyo kila juma. Kazi yote haizidi robo ya saa, na hakuna katika nyumba asiyeiweza, awe bwana, bibi, au kijana aliyefika umri wa kuaminiwa na kitambaa na kalamu.

Baada ya kilomita 2,000 au 3,000 daftari itakupa jawabu. Motokaa iliyokula robo lita kwa masafa hayo, usiihangaikie. Iliyokula lita moja kwa kilomita 2,000, ijue kwamba yataka kuangaliwa kwa makini. Iliyokula lita moja kwa kilomita 1,000, hata kama mtengenezaji aiita kawaida, wewe ihesabu kuwa mgonjwa.

Na hapa tuseme neno kwa wenye motokaa za kazi. Mwenye motokaa humpa dereva wake fedha za oili, na baada ya juma dereva husema, "Oili imekwisha, tajiri, nipe nyingine." Mwenyewe hutazama chini ya gari, haoni tone, hutazama moshi, haoni moshi. Basi moyo wake humwambia kwamba dereva anaiuza oili. Maneno makali hutoka, na pengine mtu mwaminifu hufukuzwa kazi, watoto wake wakalala na njaa kwa dhambi ya ringi tatu za chuma. Na dereva wa pili, akijua yaliyompata wa kwanza, huogopa kuomba oili. Hunyamaza, huendesha, mpaka siku injini inapoanza kugonga. Hapo tajiri amepoteza mtu na amepoteza injini.

Jambo hili latengenezwa na daftari. Mwenye motokaa na dereva wapime pamoja asubuhi ya siku moja katika juma, waandike pamoja, na oili ya akiba ikae nyumbani kwa tajiri. Baada ya mwezi hapana atakayehitaji kumdhania mwenziwe. Kama oili inaungua, karatasi itasema. Na kama kuna mkono mrefu, karatasi itasema pia.

Kusoma moshi

Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikapata moto, aghalabu ni maji ya rejeta yaingiayo motoni. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi wa buluu, wenye harufu kali ya kuungua, ndio wa oili. Ukitoka kwa wingi asubuhi injini inapowashwa kisha ukakoma, shuku ile mipira ya valvu, kwa sababu oili imeteremka usiku kucha. Ukitoka motokaa inapokazwa mwendo au inapopanda mlima, shuku ringi. Lakini usikae ukingoja moshi. Injini yaweza kula nusu lita kwa kilomita 1,000 na jicho lisione kitu, kwani moshi hutawanyika njiani na kile kisafisha moshi huufuta. Kijiti ni mkweli kuliko jicho.

Dawa yake

Anza na iliyo nyepesi. Kwanza, fundi atazame mivujo: gasketi, sili, na filta isiyokazwa vizuri. Pili, atazame ile valvu ya pumzi na kuibadilisha ikiwa imekwama. Bei yake ni ndogo, na mara nyingine ndiyo kosa lote. Tatu, hakikisha oili unayotia ni ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha motokaa, na imenunuliwa mahali paaminifu. Vitabu vingi huruhusu uzito zaidi ya mmoja kwa nchi za joto. Uliza habari hiyo kabla ya kujitilia oili nzito kwa kukisia. Nne, punguza masafa baina ya sevisi, ili masizi yasipate wakati wa kuganda.

Hayo yasipofaa, ndipo yaje maneno ya kubadilisha mipira ya valvu, na mwisho kabisa kufungua injini na kutia ringi. Na hapa pana hadhari kwa wenye injini za jamii ile tuliyoitaja: ukitia ringi mpya juu ya pistoni zile zile za umbo la zamani, huenda maradhi yakarudi baada ya muda, kwa sababu sehemu ya kosa imo katika pistoni zenyewe. Mwulize fundi waziwazi, "Pistoni ni za umbo jipya?" kabla hujatoa fedha.

Wala si lazima kila injini ilayo oili ifunguliwe. Motokaa iendayo kilomita 20,000 kwa mwaka, ikila nusu lita kwa kila kilomita 1,000, itataka lita 10 za kuongeza kwa mwaka. Chukua bei ya lita 10 mjini kwako, uilinganishe na gharama ya fundi na vipuri. Huenda ukaona kwamba kwa miaka miwili mitatu kuongeza ni nafuu kuliko kufungua, maadam oili haipungui chini ya alama hata siku moja. Ulezi wa namna hii si aibu. Aibu ni kuiacha ikauke.

Kununua na kuuza

Ukienda kununua motokaa ya mtumba, sema kabla hujafika kwamba injini isiwashwe. Ukikuta boneti imekwisha pata moto, jua kwamba umenyimwa ushahidi wa asubuhi. Chomoa kijiti kabla ya kuwasha. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani: tope jeusi lililoganda ni habari ya sevisi zilizoachwa. Pitisha kidole ndani ya bomba la ekzosi likiwa baridi: masizi makavu ni kawaida, lakini masizi ya mafuta yanayonata ni dalili. Endesha, teremka mlima bila ya kukanyaga, kisha kanyaga kwa nguvu, na mwenzako atazame nyuma.

Na ukiona oili mpya, nzito kama asali, katika injini kongwe, jiulize kwa nini. Wako wauzao ambao hutia oili nzito au dawa ya chupa siku moja kabla mnunuzi hajaja, ili moshi ulale kwa siku chache. Fedha hupokewa, mikono hupeanwa, na baada ya juma mbili moshi huamka katika nyumba ya mtu mwingine.

Msomaji wetu hahitaji kukumbushwa hukumu ya mwenye kuficha aibu ya bidhaa yake. Kwa hiyo twamwambia muuzaji neno moja tu la kutenda: ukiuza motokaa ilayo oili, muuzie mwenzio pamoja na daftari yake. Mwonyeshe inakula kiasi gani na kwa kilomita ngapi. Huenda ukapunguziwa bei. Lakini atakayeichukua ataijua tangu siku ya kwanza, ataipima, ataiongeza, na injini itaishi. Usipomwambia, atafanya kama watu wengi wafanyavyo: ataingoja sevisi, na kabla ya sevisi injini itakwisha kufa mikononi mwake.